Pakei chini ya kapeti: upige msasa, upige nta, au ufunike tena?

Kapeti ya kijani ya shangazi ilianza kung'oka ndani ya kabati la ukutani, chumba cha kulala. Nilichagua pale kwa makusudi, maana nikiharibu hakuna mgeni atakayeona. Nikabana pembe kwa koleo, nikavuta, na ule ufito wa pembeni wenye vimisumari ukaachia kidogo kidogo. Chini ya kapeti sponji ilishageuka unga wa manjano unaonata. Chini ya unga huo, vibao: vitano vitano, vyembamba, rangi ya kahawia iliyoiva, vimepangwa miraba miraba. Mraba mmoja umeelekea dirishani, jirani yake umeelekea mlangoni, kama ukili uliosukwa.

Fleti yenyewe iko Kileleshwa, Nairobi, ya miaka ya sabini. Shangazi aliikuta ina pakei tupu, yaani hii sakafu ya vibao vidogo vilivyopangwa, na ni yeye aliyeifunika. Nilipompigia simu kumwambia kwamba amekalia hazina miaka yote hii, alicheka. "Nyie mnaipenda kwa sababu hamjaipiga polishi," akasema. Kila Jumamosi alikuwa chini kwa magoti, kopo la nta mkono huu, kipande cha blanketi mkono huu, halafu ikifika Julai sakafu inakuwa baridi hadi unatafuta soksi mbili. Kapeti ya ukuta hadi ukuta ilikuwa likizo yake.

Maneno yake yamenisaidia kuliko picha zote nilizotazama. Watu wakilinganisha njia za kufufua sakafu ya mbao huanza na uzuri, ipi inang'aa na ipi inapendeza. Mimi nimeona mambo mawili yanatangulia: ubao umebaki unene gani, na ni nani atakayeitunza sakafu hiyo baada ya fundi kuondoka. Ukishayajibu hayo, njia mojawapo kati ya hizi tatu inakuwa imejichagua yenyewe.

Pima kabla ya kuota

Pakei za nyumba zetu za zamani ni za namna mbili kuu, na ukizichanganya utafanya hesabu mbovu.

Ya kwanza ni hii ya miraba niliyoikuta. Kila kibao ni kidogo, urefu wa sentimita 11 na ushei, unene wa milimita 8 hivi, kimegandishwa kwa gundi moja kwa moja juu ya saruji. Ya pili ni ya bloku: inchi 9 kwa 3 kwa kawaida, unene wa milimita 19 hadi 25, zimepangwa kwa mshazari kama miiba ya samaki, na mara nyingi zimelazwa juu ya lami nyeusi. Bloku nyingi zina ulimi na mfereji pembeni ili zishikane.

Msasa wa mashine, ukipigwa na mtu makini, hula karibu milimita moja ya ubao. Ukipigwa na mtu wa pupa hula mbili. Pakei ya milimita 8 iliyokwisha pigwa mara mbili huko nyuma imebaki na maisha machache. Na usidanganywe na unene wa bloku: kinachohesabika ni ubao ulio juu ya ulimi tu. Msasa ukiufikia ulimi, kingo zinaanza kumeguka na hakuna gundi itakayozirudisha.

Kwa hiyo pima. Mahali rahisi ni kizingitini, ukitoa ule ukanda wa bati unaounganisha vyumba viwili, au pale bomba linapopenya sakafu. Kukiwa na kibao kimoja kilicholegea, king'oe uweke rula. Dakika tano hizo zinaweza kukuokolea sakafu nzima.

Ukimaliza, chukua mpini wa ufagio utembee chumba chote ukigonga. Penye mlio mzito, kibao kimeshika. Penye mlio wa uwazi, kama debe, gundi imeachia. Weka alama ya chaki. Chumbani nilipata alama kumi na moja, sebuleni nikaacha kuhesabu karibu na mlango wa jikoni.

Kujua mti nako kunafaa. Fundi mzee niliyemwita alikwangua kibao kimoja kwa patasi, akakinusa, kisha akanipa. "Nusa, kijana. Hii ni muhuhu. Ukiitoa hii, dukani hutaipata tena." Kilikuwa na harufu tamu, inayokaribia msandali. Muhuhu ni mti mgumu, mzito, wenye nyuzi laini, na hukua polepole mno. Wakikuyu huuita muhugu, na ungali unaota katika msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi. Mchwa hawaupendi. Wachongaji wa vinyago ndio wanaoupenda, na kati yao na wenye sakafu umekuwa adimu. Ukiwa na mvule, tarajia rangi ya dhahabu inayokolea kwa miaka, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa ya kweli ni lazima, si leso. Ukiwa na mninga, una bahati ya ubao mtulivu usiovimba na kusinyaa sana msimu ukibadilika.

Tahadhari moja ya kando. Ikiwa chini ya kapeti hukukuta mbao bali vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9 vya miaka ya hamsini au sitini, usivikwangue wala kuvipiga msasa. Vigae vya aina hiyo, pamoja na gundi yake nyeusi, vinaweza kuwa na asbesto.

Kusafisha na kupiga nta, au msasa wa mashine?

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ndipo watu wengi wanapokimbilia mashine kabla ya kuuliza.

Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala walikuwa wakiyatumia kulainisha mbao. Jani lile lilikuwa na adabu: lilikula taratibu, nawe ukawa na nafasi ya kufikiri. Mashine haikupi nafasi hiyo.

Anza kwa kujaribu kilicho juu ya ubao. Dondosha tone la maji mahali pa siri, usubiri dakika kumi. Likiacha doa jeupe, kuna nta. Likizama na kuutia ubao giza upesi, hakuna kinga iliyobaki. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, vanishi ingali hai. Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini, usugue. Kikitoka na uchafu wa manjano au kahawia, ni nta, na pengine ni nta ya Jumamosi za miaka kumi.

Ikiwa ni nta na vibao viko sawasawa, njia ya kusafisha inatosha, na hiyo ndiyo niliyoichagua kwa chumba cha kulala. Kazi yenyewe haina siri. Unafungua madirisha yote, unahakikisha hakuna jiko wala sigara karibu, unamimina tapentaini kidogo kwenye eneo la meta moja, unasugua kwa stiliwaya laini kabisa kufuata nyuzi za ubao, kisha unafuta kwa matambara ya pamba kabla uchafu haujakauka tena. Rudia mara mbili, tatu. Maji weka mbali kabisa na stiliwaya: vipande vidogo vya chuma vikibaki na kulowa, ubao wenye tanini (kemikali ya asili iliyo ndani ya miti) hutoka madoa meusi. Sakafu ikikauka, unapaka nta nyembamba, unaiacha ishike, unaipiga kwa kitambaa hadi ing'ae. Chumba cha meta 4 kwa 3 kilinila Jumamosi mbili, magoti yakanikumbusha shangazi.

Sakafu iliyosafishwa hivyo haiwi mpya. Michubuko inabaki, vidimbwi vya visigino vya viatu vya wanawake wa miaka ile vinabaki, na rangi inakuwa nzito, ya uzee. Kwangu hilo ni sifa. Faida yake kubwa zaidi ni kwamba hukupoteza hata robo milimita. Usipopenda matokeo, mashine bado iko dukani inakusubiri. Aliyepiga msasa na kujuta hana pa kurudi.

Lakini kuna sakafu ambazo kusafisha ni kujisumbua. Vanishi ikiwa imemenyuka vipande vipande, nta haitashika juu yake kwa usawa. Gundi ya kapeti ikiwa imetapakaa chumba kizima, tapentaini peke yake itakuchosha. Vibao vikiwa vimepishana urefu, kimoja juu kimoja chini, miguu itakuambia. Sebule ya shangazi ilikuwa na yote matatu, pamoja na doa jeusi la mviringo kwenye pembe ya dirisha, kubwa kama sinia. Huko hapakuwa na ubishi: mashine.

Mwenye kuchagua mashine ajue mpangilio. Kwanza kwangua gundi na sponji kwa mkono, maana joto la msasa huiyeyusha na kuziba karatasi baada ya dakika mbili. Gonga misumari yote iingie ndani ya ubao. Anza na karatasi namba 40, ile ya kukwaruza zaidi, nenda 60 au 80, malizia na laini, 100 au 120. Usiruke kutoka 40 hadi 120 kwa kubana karatasi, kwa sababu mikwaruzo ya mwanzo itajificha hadi siku unapopaka vanishi, kisha yote itatokea kwa pamoja. Pakei ya miraba ina nyuzi zinazoelekea huku na huku, kwa hiyo mapito ya kwanza hupigwa kwa mshazari wa chumba. Kando ya kuta kuna mashine yake ndogo, na pembe kabisa ni patasi na mkono.

Kosa baya kuliko yote nililishuhudia kwa macho yangu. Fundi wa kwanza, siyo yule mzee, alikuwa anakwenda vizuri hadi simu yake ilipolia. Akasimama. Ngoma ya msasa, ile inayozunguka chini ya mashine, haikusimama. Alipomaliza salamu tu, palikuwa na bonde la upana wa ngoma, refu kama mkono. Mchana halionekani. Saa kumi na mbili jioni, jua likiingia kwa ubavu, linaonekana kama wimbi. Kulifuta ilibidi kushusha sebule nzima, nusu milimita ambayo haikuwa na haja ya kuondoka.

Na vumbi la mashine si uchafu tu. Mfuko uliojaa vumbi lililochanganyika na vanishi ya zamani unaweza kupata moto wenyewe ukiachwa umejaa. Umwage nje kila unapopumzika, na usiku usiuache mfuko huo ndani ya nyumba.

Doa jeusi

Lina fungu lake kwa sababu ndilo linalowafanya watu waendelee kusaga ubao hadi uishe. Doa jeusi au la buluu karibu na misumari, au chini ya mguu wa chuma, mara nyingi si uozo. Ni chuma kilichokutana na maji na tanini ya mti, na limeingia ndani kuliko msasa unavyopaswa kwenda. Dawa yake ni asidi ya oksali, inayouzwa kama chembechembe nyeupe. Unaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, unaipaka, unaiacha ikauke, kisha unasafisha kwa maji safi mara kadhaa. Ni sumu, kwa hiyo glavu, miwani, na watoto wakae mbali. Mabaki yake yasipigwe msasa yakiwa makavu.

Langu lilififia kutoka weusi wa makaa hadi kivuli cha chai. Fundi mzee akaniambia niliache hapo. Nikaliacha.

Cha kupaka juu

Ukishapiga msasa, ubao uko uchi na lazima uvikwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapa kuna uamuzi wa pili, na kwa maoni yangu ndio unaoamua kama utaipenda sakafu yako mwaka wa tano.

| | Vanishi ya poliyurethani ya mafuta | Vanishi ya poliyurethani ya maji | Mafuta yenye nta ngumu | Nta peke yake |
|---|---|---|---|---|
| Rangi | Huongeza manjano, hukolea kwa miaka | Hubaki karibu na rangi ya ubao | Joto, bila kung'aa sana | Joto, hung'aa kwa kusuguliwa |
| Muda kati ya mkono mmoja wa kupaka na mwingine | Kutwa nzima au usiku kucha | Saa chache | Usiku kucha | Muda mfupi |
| Harufu | Kali, siku kadhaa | Ndogo | Wastani | Wastani |
| Maji yakimwagika | Inastahimili | Inastahimili | Inastahimili ukifuta mapema | Huacha doa jeupe |
| Kurekebisha pahali pamoja | Vigumu, kiraka huonekana | Vigumu | Rahisi | Rahisi kabisa |
| Matunzo | Kufagia na kitambaa chenye unyevu | Vilevile | Kupaka upya njia za miguu kila baada ya muda | Kusugua mara kwa mara |

Jedwali halisemi yote. Vanishi ya mafuta ndiyo mafundi wengi wanaijua, na kwa muhuhu au mvule ule umanjano wake unapendeza. Ila wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, au usiku wa baridi wa Julai, inakawia kukauka, na kila nzi wa mtaa huja kutia saini. Vanishi ya maji hukuruhusu kupaka mikono miwili kwa siku na kulala nyumbani. Lakini kwa kuwa inakauka haraka, asiyeizoea huacha mistari ya brashi.

Kwa vanishi zote mbili, sakafu inaweza kukanyagwa kwa soksi baada ya siku moja hivi, lakini haijaiva. Vanishi ya maji huhitaji karibu wiki moja, ya mafuta huweza kufika wiki nne. Ukitandika zulia mapema unaiziba pumzi, na ukiburuta sofa unaandika jina lako.

Mafuta yenye nta ngumu yanaingia ndani ya ubao badala ya kukaa juu kama ngozi. Mtoto akiburuta kiti, unasugua palepale, unapaka palepale, yamekwisha. Kwa vanishi, mchubuko mmoja mbaya unaweza kukudai chumba kizima. Tatizo ni bei ya kopo na kulipata, kwani si kila duka la vifaa vya ujenzi linaliweka. Na matambara uliyopakia mafuta hayo usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo: yanaweza kujiwasha. Yatandaze nje yakauke, au yaloweshe kwenye maji.

Upande wa hesabu, lita moja ya vanishi hufunika kama meta za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Sebule ya meta za mraba 20, mikono mitatu, ni lita 5 hadi 6. Zidisha kwa bei ya dukani kwako kabla fundi hajakutajia namba yake.

Jihadhari pia na fundi wa fanicha mwenye nia njema. Atakuja na sila ile ya kabati (dawa ya kuziba vitundu vya ubao) na vanishi ya kupuliza, na siku ya kwanza sakafu itang'aa kama meza ya harusi. Vanishi ile ilitengenezwa kwa meza, si kwa viatu, na itachanika kwenye njia ya mlangoni. Mvuke wake pia unashika moto upesi.

Na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: vanishi haishiki juu ya nta. Sakafu iliyowahi kupigwa nta isafishwe kwa tapentaini kabla ya msasa, vinginevyo msasa unaisambaza nta, na vanishi inajikunja kunja kama mafuta juu ya supu.

Vibao vilivyolegea, na friza

Vile vilivyotoa mlio wa debe ving'oe kwa zamu, uviandike namba kwa penseli upande wa chini, uvipange kwenye ubao mwingine kama vilivyokuwa. Kuviweka kwenye ndoo moja ni kujitafutia fumbo la vipande mia.

Bloku zilizokaa juu ya lami zina mgongo mweusi unaonata. Ukiupiga msasa, lami inayeyuka na kuharibu karatasi. Ukiupasha moto, unaunguza ubao na kuvuta moshi mbaya. Fundi mzee alinifundisha kinyume chake: nizitie ndani ya mfuko wa plastiki, niziweke kwenye friza usiku kucha. Zamani, katika nyumba moja ya mtaa wa Lavington, yeye alizipanga kati ya kuku na samaki wa mwenye nyumba. Asubuhi lami imekuwa kama kioo, unagonga kwa patasi butu inaruka vipande. Fanya haraka kabla haijapata joto.

Wakati wa kurudishia, gundi nyeupe ya seremala haishiki lami. Tafuta gundi ya sakafu ya mbao inayonyumbulika, na uliza dukani kama inakubali kukaa juu ya mabaki ya lami. Acha nafasi ya milimita 10 kati ya vibao na ukuta, ifichwe na ubao wa pembeni. Mbao huvuta unyevu na kupanuka, na zikikosa pa kwenda zinainuka katikati ya chumba kama hema.

Wa Mombasa, Tanga au Dar wanahitaji nafasi hiyo kuliko sisi wa bara. Sisi nasi tuna kosa letu: Januari na Februari hewa ikikauka, nyufa zinafunguka, tunazijaza zote kwa unga wa msasa na gundi, mvua zikija vibao vinasukumana. Jaza zile pana tu. Nyingine zitajifunga.

Kufunika tena

Watu wa mbao hulidharau shauri hili. Mimi silidharau. Nyumba ya kupanga ambayo utahama baada ya mwaka, mzazi mwenye magoti mabovu anayeteleza, fleti yenye jirani wa chini anayelalamikia kila kisigino: kapeti ina hoja. Kilicho muhimu ni jinsi unavyofunika. Zulia kubwa lililolala bila gundi linaacha mlango wazi. Kapeti iliyogandishwa, au sponji ya mpira iliyolazwa juu ya nta, itamtesa atakayekufuata kama sponji ya shangazi ilivyonitesa mimi.

Sakafu ya laminati au ya plastiki inaweza kulazwa juu ya pakei ikiwa imeshika na imenyooka, bila kuigandisha. Vigae vya kauri ni habari nyingine. Mbao husogea, kigae hakisogei, kwa hiyo kitapasuka. Ukitaka vigae lazima ung'oe pakei yote, uondoe lami ambayo saruji ya vigae haiipendi, umwage sakafu mpya. Nimeona pakei ya muhuhu iliyong'olewa hivyo ikirundikwa kando ya geti kama kuni. Mwenye nyumba alikuwa na haki yake. Mimi nilikwenda kuomba vibao thelathini vya kuweka akiba, akanipa bure, na nusu yake ndiyo iliyoziba mapengo ya sakafu karibu na mlango wa jikoni wa shangazi.

Nani apewe ipi

Vibao vimeshika na juu kuna nta: safisha, piga nta, usiguse mashine. Kama hutaki Jumamosi za magoti, panga bajeti ya kuiondoa nta yote na kupaka mafuta yenye nta ngumu, ambayo hudai muda mfupi zaidi kwa mwaka. Vanishi imemenyuka au vibao vimepishana, na unene unaruhusu: msasa, mara moja, kwa fundi ambaye umeiona sakafu yake nyingine kwa macho, jioni, jua likiwa chini. Nyumba ya watoto na mbwa, na hakuna wa kuitunza: vanishi, na uvumilie kwamba baada ya miaka utaipiga upya yote. Unene umeisha: usisage tena, paka nta, tandika zulia. Kukodi mashine na kujifanyia mwenyewe ningemshauri mtu kwa chumba cha watoto au stoo, asianze na sebule. Mashine ni nzito, inavuta, na dakika kumi za kwanza za kujifunza zinabaki zimeandikwa sakafuni.

Mimi nimeishia na fleti ya mitindo miwili. Chumbani nta, kwa sababu hakuna anayepita na viatu. Sebuleni msasa na vanishi ya maji, mikono mitatu.

Shangazi alikuja mwezi uliopita. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatembea polepole na soksi zake mbili, akapita lile bonde la simu ambalo sasa halipo, hadi pembe ya dirisha penye kivuli cha chai. Akakigusa kwa kidole cha mguu. "Hapa ndipo lilipokuwa friji letu la kwanza," akasema. "Lilikuwa linavuja. Baba yako ndiye aliyelibeba."